Maswali ya wasomaji: Bustani ya jumuiya Uingereza, spring imeingia, tuanzie wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa ndugu zetu walioko Uingereza na zinaulizia jambo moja, vikundi vya Waswahili vimepata plot ya alotimenti, vile viwanja vya kulima ambavyo kaunsili, yaani serikali ya mtaa, au kanisa au chama cha wakulima wa mtaa kinakodisha kwa mwaka, sasa Machi imefika, jua limechungulia siku mbili na watu wanataka kuingia na majembe. Nimefurahi kuzisoma maana na mimi nalima kwenye plot ya pamoja huku Midlands, katikati ya England, na naipenda kazi hii kuliko ninavyoweza kueleza. Nimechukua zile zinazobeba maswali ya wengi.

Shikamoo dada. Sisi ni familia kama kumi na tano, Watanzania, Wakenya na Wakongo, hapa Northampton. Tumepewa plot nzima ila nyasi zimefika kiunoni. Vijana wanataka tuchange tukodi rotaveta, ile mashine ya kulimia inayosaga udongo, tumalize Jumamosi moja, wazee wanasema jembe tu mpaka mwisho. Tumegawanyika kabisa, nani yuko sahihi?

Marahaba mdogo wangu. Rotaveta hapana, na naomba uwasomee vijana sehemu hii kwa sauti. Plot iliyoachwa miaka karibu kila mara ina nyasi ya kachi, chimba shimo moja tu utaiona, mizizi myeupe kama tambi inatambaa chini kwa chini na ncha yake kali inatoboa hata kiazi, ni tabia zile zile za sangari ya nyumbani. Sasa kila kipande cha mzizi huo kikikatwa kinaota upya, kwa hiyo mashine ikipita inachukua mzizi mmoja inaugeuza vipande vipande na kuusambaza plot nzima, wiki mbili mnaona udongo mzuri mweusi mnapiga picha, mwezi wa tano mnalia. Baindwidi, ile inayopanda juu ya kila kitu na maua meupe ya tarumbeta, ni hivyo hivyo.

Lakini na wazee nao siwaungi mkono moja kwa moja. Plot nzima ya kawaida ni kama mita za mraba 250, kuifungua yote kwa mkono ndani ya spring moja na watu ambao wengi wanatoka shifti ya usiku, mtachoka na mtagombana kabla hata mbegu haijaingia. Mimi nasema fungueni theluthi moja tu mwaka huu, hizo theluthi mbili zifunikeni. Kata nyasi zote mpaka chini, tandaza maboksi makubwa, maduka ya baiskeli na ya fanicha wanayatoa bure ukiomba vizuri, ondoa selotepu na pini zote, yalaze yapandiane shubiri nzima maana kachi inatafuta upenyo, mwagia maji yalowe kabisa, alafu weka mboji juu sentimita 10 mpaka 15. Mei mwishoni unatoboa tundu unapanda maboga humo humo, majani yake yanafunika ardhi na kule chini nyasi zinakosa mwanga. Kama hamna mboji ya kutosha basi plastiki nyeusi nzito na mawe juu. Zulia kuukuu msiweke, viwanja vingi wamelikataza kwa sababu ya dawa zilizomo na nyuzi zake zinabaki kwenye udongo miaka.

Hiyo theluthi mnayofungua tumieni uma mkubwa wa bustani, sio beleshi, beleshi linakata mizizi. Ingiza uma, inua bonge, litikise, fuata mzizi kwa vidole mpaka mwisho wake, weka kwenye ndoo. Ni kazi ya taratibu na ndiyo kazi nzuri kuliko zote kwa watu wanaotaka kufahamiana, wawili wawili wanakaa upande kwa upande wanapiga stori na saa inapita. Ila kabla hamjaanza kanyaga kwanza, udongo ukinata kwenye buti rudini nyumbani, maana sehemu nyingi za Midlands udongo ni mfinyanzi na ukiukanyaga ukiwa na maji unashindiliwa, ikifika Juni hata uma hauingii.

Na angalieni kibanda cha zamani kama kipo. Yale mabati ya simenti yenye mawimbi yanaweza kuwa na asbesto, msiyavunje, msiyaguse, mpigieni mwenye kiwanja. Ua wa miti nao mkikuta ndege ameshajenga na anatumia kiota, acheni mpaka amalize, sheria ya 1981 ya wanyamapori inamlinda.

Dada habari, mwaka jana tulipanda mahindi na maharage mwishoni mwa Machi maana kulikuwa na jua kali mpaka tukavaa tisheti. Yote yakafa usiku mmoja wa Aprili. Mwaka huu tufanyeje? Msomaji, Leicester.

Pole sana kaka. Jua la Machi la huku linamdanganya kila mtu aliyekulia kwetu, sisi tumezoea kuangalia mvua, masika ikianza unapanda, basi. Huku maji yapo, kinachoamua ni udongo kupata joto na frosti, ile barafu ya usiku inayoua miche, kwisha. Kusini na Midlands hesabu frosti ya mwisho katikati ya Mei, Kaskazini na Scotland mwisho wa Mei au hata Juni mwanzoni. Chochote cha asili ya joto, yaani mahindi, maharage, maboga, nyanya, mchicha, kisitoke nje kabla ya hapo hata jirani akikuambia mwaka huu ni tofauti.

Sio kwamba mkae bure. Viazi mbatata vya mapema vinaingia ardhini mwisho wa Machi, kwanza mnavipanga kwenye trei za mayai dirishani wiki kadhaa vichipue vijicho vifupi vinene, alafu kina sentimita kama 12, kiazi na kiazi sentimita 30, mstari na mstari 60. Majani yakitokeza na redio ikasema usiku kutakuwa na frosti, yafukieni kwa udongo jioni hiyo hiyo. Vile vya msimu mrefu Aprili katikati. Vitunguu vya kupandikiza Machi na Aprili, mkiacha ncha ndefu nje ndege anaivuta, kwa hiyo asubuhi mtavikuta vimelala juu, virudisheni tu. Brodi-bini ndio harage la baridi, hilo Machi halina shida, njegere pia.

Vya joto mnavianzia nyumbani, na hapa ndipo kikundi kinakuwa na nguvu kuliko mtu mmoja. Plot haina banda la nailoni lakini familia kumi na tano zina madirisha kumi na tano! Gawaneni, huyu nyanya, yule maboga, yule sukuma, kila mtu trei mbili dirishani linalopata jua kuanzia Aprili. Kabla ya kuhamia plot miche inazoeshwa nje mchana na kurudishwa ndani usiku kama siku kumi hivi, msiruke hatua hiyo.

Kuhusu mahindi nataka niseme zaidi maana wengi wanaumia. Mahindi meupe ya nyumbani yamezoea siku ya saa 12, huku Juni mwanga unapita saa 16, kwa hiyo mmea unapanda juu, unapanda, mpaka unapita kichwa cha mtu na hauchanui, ukija kuchanua siku zimefupika na baridi imeingia. Mbaazi ndio kabisa. Sio kosa lenu wala la udongo. Nunueni mbegu ya mahindi matamu inayokomaa mapema, kotesheni ndani mwisho wa Aprili, pandeni nje Juni mwanzoni kwa umbo la mraba na sio mstari mmoja mrefu, maana chavua inabebwa na upepo na mstari mmoja unatoa magunzi yenye mapengo.

Je mchicha unaota Uingereza? Na naweza kumwambia dada yangu anayekuja kutoka Moshi aniletee mbegu kwenye begi? Mama Junior, Reading.

Unaota vizuri mno Mama Junior, panda mwisho wa Mei au Juni udongo ukiwa na joto, wiki sita hivi unachuma. Kwenye begi usimwambie, mbegu nyingi za kupanda kutoka nje zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea na bila hicho atanyang'anywa uwanjani. Tafuta madukani kwa jina la callaloo, wazee wa Kijamaika wanaupanda kwenye alotimenti za Birmingham tangu zamani na ni mchicha huo huo tunaoujua. Tena kama jirani yenu wa plot ni mzee wa Kijamaika au bibi wa Kihindi nendeni mkamsalimie mapema, hao wameshajaribu kila kitu chenye joto kwenye udongo huu na wengi wana mbegu walizozitunza wenyewe miaka na miaka, zimeshaizoea hali ya hewa. Garden Organic, lile shirika la kilimo hai la Ryton karibu na Coventry, waliona thamani hiyo wakafanya mradi mzima wa kukusanya maarifa na mbegu za aina hiyo Midlands.

Sukuma ndiyo msiikose, baridi inaipenda na yenyewe inapenda baridi, utachuma mpaka Januari. Panda kwenye trei Aprili, hamisha Mei na Juni, mche na mche sentimita 45. Lakini wekeni neti siku hiyo hiyo, njiwa wa mwituni wa nchi hii wanamaliza kitalu asubuhi moja, na Mei kipepeo mweupe anaanza kutaga mayai chini ya majani. Mihogo sahau. Bamia bila banda la nailoni ni kujitesa.

Dada, tatizo letu sio mimea ni watu. Machi tulikuwa zaidi ya thelathini, Mei mwaka jana tulibaki watano na nyasi zikatushinda. Mratibu, Milton Keynes.

Hii barua imenigusa kuliko zote na nitaijibu kwa kirefu.

Kwanza watu hawakimbii kazi, wanakimbia kufika mahali na kukuta hawajui wafanye nini huku wale wanaojua wako bize. Weka ubao mlangoni, chaki, kila siku ya kazi unaandika mambo manne au matano mafupi ambayo mtu anaweza kuyaanza na kuyamaliza ndani ya saa moja, "palilia mstari wa vitunguu", "jaza mapipa ya maji", "tandaza maboksi upande wa ua". Mtu akimaliza anafuta mwenyewe. Hiyo furaha ya kufuta usiidharau.

Pili siku moja isiyobadilika na muda usiozidi saa mbili. Mkisema "Jumamosi tutaangalia" mmekwisha. Na kwa sababu ndugu zetu wengi wanafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa, au hospitali na wikiendi hawapo, ongeza jioni moja katikati ya wiki, saa zinasogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuanzia hapo mwanga upo mpaka usiku unaingia kwa kuchelewa, saa kumi na mbili jioni ya Jumatano Aprili unaweza kulima kabisa.

Tatu, na hapa naweka mkazo, hakikisheni kuna kitu cha kubeba nyumbani kabla ya katikati ya Mei. Watu wengi wanapotea pale katikati, kazi imeshakuwa ngumu na chakula bado. Figili ikipandwa Aprili mwanzoni inavunwa wiki tano sita, saladi ya kukata majani vile vile, kotmiri pia. Ni vitu vidogo, fungu la figili lenye udongo bado kwenye mizizi, lakini mama akilifikisha jikoni watoto wakaliona, wiki ijayo anarudi na watoto wenyewe. Nimeona vikundi vinapanga viazi na maboga tupu, yaani hadi Julai hakuna kitu mezani, nawaonea huruma.

Nne, Ramadhani siku hizi inaangukia Februari na Machi, pale pale kazi ya kuchimba inapoanza. Usiwabebeshe waliofunga uma na toroli saa tisa mchana, wape mbegu, kupanga viazi kwenye trei, kuandika vibao, kazi nzito ipangwe baada ya Idi. Na kwenye grupu la WhatsApp usimseme mtu ambaye hajaja, hata kwa utani. Mtumie ujumbe peke yake, muulizie hali yake kwanza, mara nyingi kuna shifti au mtoto anaumwa.

Mengine kwa haraka. Maji ya bomba la kiwanja hufungwa wakati wa baridi ili mabomba yasipasuke na hufunguliwa spring, ulizeni tarehe, Aprili na Mei kunaweza kukauka kabisa kwa hiyo zamu ya kumwagilia iandikwe mapema. Chanjo ya pepopunda, sisi tuliokulia nje tunaweza kuwa hatujakamilisha dozi, muulizeni nesi wa GP, yule daktari wa mtaa wenu. Koa wanaotoka usiku kula miche, tochi na ndoo jioni baada ya mvua inasaidia kuliko mnavyofikiri, vidonge vya koa vya metaldehaidi vimepigwa marufuku kutumika nje tangu 2022 hata kama mzee wa plot ya jirani bado ana kopo lake, na wale minyoo wadogo wanaoua koa mnaowachanganya na maji wanahitaji udongo uwe umepita nyuzi joto 5.

Kuna zizi la farasi karibu yetu wanatoa samadi bure. Tubebe? Baba Neema, Coventry.

Bebeni gunia moja tu kwanza mpime. Kuna dawa ya magugu inaitwa aminopiralidi wanapuliza kwenye malisho, farasi anakula nyasi, dawa inapita tumboni mwake bila kuharibika na inakuja kuua nyanya, maharage na viazi vyenu, majani yanajikunja na kujisokota mpaka huyatambui. Changanya samadi na mboji ya dukani kwenye vyungu vitatu, na vyungu vingine vitatu mboji tupu, panda brodi-bini kote, subiri wiki tatu mpaka nne. Majani ya upande wa samadi yakitoka yamekunjamana, mshukuruni mwenye zizi na msichukue. Yakiwa sawasawa leteni toroli. Samadi mbichi inayonuka iachwe kwanza ikae miezi iive.

Mama yangu yuko hapa kwa viza ya matembezi miezi mitatu, anachoka kukaa ndani na kilimo ndiyo maisha yake. Anaruhusiwa kujitolea? Na rafiki yetu ambaye kesi yake ya hifadhi haijaamuliwa je?

Mgeni wa viza ya matembezi anaruhusiwa kujitolea siku zisizozidi 30 kwa jumla, kwenye charity, yaani shirika la hisani, iliyosajiliwa, na isiwe ndiyo sababu kuu ya safari yake. Kwa hiyo kwanza angalieni bustani yenu inaendeshwa na nani. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi naye anaruhusiwa kujitolea kwenye charity au taasisi ya umma, bila malipo yoyote isipokuwa kurudishiwa nauli na gharama halisi za siku ile. Asipokee hata pauni tano ya asante, na akajiridhishe kwa wakili wake kabla ya kuanza. Mama mpeni heshima yake, muwekeeni kiti karibu na kitalu, muulizeni kila kitu. Nyinyi mna bahati kuwa naye spring hii.

Tukivuna kingi tunaweza kuuza? Na kuku?

Alotimenti kisheria ni ya chakula cha anayelima na familia yake, kibiashara hapana, ziada kidogo wengi wanaachia lakini soma mkataba wako kwanza. Kuku majike sheria ya 1950 inaruhusu, jogoo hapana. Ila tangu Oktoba 2024 England na Wales hata kuku mmoja lazima asajiliwe, na ni marufuku kumpa mabaki ya jikoni, ugali ule wa jana usimpelekee, isipokuwa jikoni kwako haiingii nyama, samaki, mayai wala maziwa kabisa. Kama ndio mwaka wenu wa kwanza, nashauri kuku wasubiri.

Sisi hatuna plot. Kaunsili wanasema foleni ni miaka. Kuna njia? Kikundi cha akina mama, Wolverhampton.

Ipo akina mama. Sheria ya 1908 inasema wakazi 6 wakiandika barua pamoja kwamba wanahitaji alotimenti, kaunsili lazima ilifikirie ombi hilo. Haiwalazimishi kuwapa kesho lakini haiwezi kuliweka kapuni. Inahusu England na Wales, London ya ndani haimo. Hao 6 wawe wamejiandikisha kupiga kura au wanalipa kaunsili taksi, ile kodi ya makazi inayolipwa kaunsili, na wengi hamjui kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye kibali cha kuishi wanaruhusiwa kujiandikisha, yaani Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, hamhitaji pasipoti ya Uingereza. Wakongo na Warundi wenzenu waingie kwa kaunsili taksi. Andikeni jina na anwani ya kila mmoja, sahihi sita, wekeni tarehe, pelekeni kwa mkono au kwa imeili na mbaki na kopi. Mkipewa plot ulizeni swali moja kabla ya kusaini, kiwanja hiki ni cha kudumu au cha muda? Cha kudumu kaunsili haiwezi kukiuza bila idhini ya waziri kwa sheria ya 1925, cha muda hakina ulinzi huo. Na wakati mnasubiri nendeni kwenye plot za wengine zenye kibao cha "tunahitaji watu wa kujitolea", Aprili hii hakuna atakayewarudisha.